Asiyepiga Mwayo

Saa tisa usiku Mbarara imelala,
isipokuwa mbwa wa Kakoba, na mimi,
na mgeni huyu tuliyemwajiri mwezi Machi,
asiyekunywa chai, asiyepiga mwayo.
Chumba cha seva kina baridi kuliko tangi la maziwa.
Nimejifunga shuka la mama. Nasoma anachoniandikia.

Huandika kwa adabu, kama karani mpya:
mtu anajaribu mlango wa tawi la Isingiro,
nywila mia nne kwa dakika moja, nimemfungia.
Na kabla sijaweka kikombe chini
amekwisha kumfungia wa pili, na wa tatu.
Zamani kazi hiyo ilinila wiki nzima,
na wizi niliugundua kama watu wanavyogundua mchwa:
siku dari linapoanguka.

Basi nilimpenda, sikatai.
Wafugaji elfu sita, pesa zao za maziwa
mkebe kwa mkebe, alfajiri kwa alfajiri,
sasa zina mlinzi asiyehongeka kwa soda.

Lakini Juni,
Peninah Katushabe wa Rubindi
aliamka saa nane, mjukuu anahema kama mivukuto,
mwenye gari akitaka laki mbili kabla ya kuwasha injini.
Mteja huyu hajawahi kutoa pesa usiku.
Mteja huyu hajawahi kuvuka elfu hamsini.
Mashine ikapima, ikaona si kawaida, ikafunga.
Kwa hesabu ilikuwa sahihi.
Nani aliwahi kuugua kwa kawaida?
Mimi nilikuwa msalani. Dakika kumi na moja.

Mtoto alipona. Naliandika hilo upesi
kwa kuwa kila ninayemsimulia hunikatiza hapo.
Alipona; jirani alikuwa na pikipiki.
Jumatatu Peninah akaja, akasimama dirishani,
hakupaza sauti. Aliuliza tu:
"Huyo aliyenikatalia ana jina? Nataka niseme naye."
Ningemwonyesha nini? Taa ya kijani?

Agosti ikaja simu.
Sauti ya mwenyekiti wetu, Rwabushaija,
kikohozi chake kilekile,
"eeh" yake ndefu kama kamba ya kufungia ndama.
"Fungua yale malipo ya Kampala, mwanangu,
niko njiani, nimefika Lyantonde."
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Kilichoniokoa si elimu. Ni jambo dogo, la kijinga:
hakuniuliza habari za Bihogo.
Miaka tisa mzee yule hajaniomba hata kalamu
kabla ya kuuliza hali ya ng'ombe wangu mmoja.
Nikakata, nikampigia kwake.
Akapokea na usingizi mdomoni: "Nani amekufa?"

Mlinzi wetu hakusema neno.
Sauti ile haikupita mlangoni kwake,
na aliyeifinyanga ni ndugu yake,
ndama wawili wa chuchu moja:
mmoja analinda zizi,
mwingine anajua komeo linavyofunguka.

Sijamfukuza. Nani angezuia nywila mia nne,
mimi na shuka langu?
Nimemwongezea amri moja, kwa mkono wangu:
ukimkatalia mtu usiku, niamshe.
Sasa huniamsha. Mara nyingi ni mlevi aliyesahau namba yake.
Mara moja alikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa.
Nilifungua, nikakaa nikitetemeka mpaka adhana.

Nami na mwenyekiti tuna salamu zetu,
zinabadilika, haziandikwi.
Juzi nimejiuliza ni lini mwizi
atajifunza kuuliza habari za ng'ombe.
Wengine wanasema Bihogo alikufa Jumanne.
Wengine wanasema amezaa.
Hapa siandiki lipi ni kweli;
wasomaji ni wengi,
na wengine wao hawapigi mwayo.