Runinga ya Mwalimu Nyawade

Imekaa kibandani kwangu siku tisa.
Ilipona siku ya pili:
kapasita moja tu, imevimba kama jipu,
shilingi arobaini pale Kibuye.

Saa nane za usiku Kondele imelalia ubavu mmoja.
Mimi na Truphosa wa chipsi, mafuta yake yamepoa,
tunatazama watu wakijirusha kutoka mlimani
mbao mbili zimefungwa miguuni
kama waliohukumiwa, na hukumu wakaipenda.

Mwanzo tulicheka.
Truphosa aliuliza, mama zao wanajua?
Sasa anahesabu mizunguko kwa ncha ya uma,
mmoja, miwili, mitatu, huyo kachelewa kufunguka,
na majaji wakibana alama anasonya,
yeye ambaye theluji aijuayo
ni ile ninayoikwangua kwenye friji za wauza samaki,
inanuka mbuta.

Namba kumi na nne ni wetu. Kwao hatukujui.
Tulimchagua usiku alioanguka:
alibingirika hadi chini, skii moja ikaenda zake,
akaifuata akichechemea, akaipangusa
kama mtoto aliyetoka vumbini.
"Amka, mama," Truphosa alikiambia kioo,
naye alikuwa ameshaamka.

Mwalimu hupita mchana.
"Odhacha, bado?"
Bado, Mwalimu. Na si uongo:
kila alfajiri nang'oa ile kapasita kwa chuma cha moto,
kila usiku nairudisha.
Akibonyeza, giza. Giza la kweli kabisa.
Hutikisa kichwa, huenda
kusikiliza habari kwenye redio ya jirani.

Usiku wa fainali mvua ilitaka kunyesha ikaghairi.
Kumi na nne alisimama kileleni,
akagonga vijiti, akashuka kinyumenyume,
mgongo mbele, kama anayeaga watu.
Akaruka.
Truphosa aliacha kuhesabu.
Alikuwa juu, miguu imeelekea mbinguni,
na mimi, sijui kwa nini,
nikaona ile kapasita kwenye kiganja changu,
ndogo, ya moto, mara saba.

Alitua. Kiganja kikagusa theluji.
Wa sita. Tukapeana mikono
kama wazazi kwenye matokeo ya mtihani.

Asubuhi nilimpigia Mwalimu. Alikuja na mkokoteni.
"Ngapi?"
Arobaini, nikasema.
Akaniangalia kwa mara ya kwanza
kama mtu anayeangalia mwizi.