Kiganja

Miaka ishirini na sita nimesimama kulia kwake,
Dakta Rwezaura, chumba namba tatu, Upanga.
Hakuwahi kusema "mkasi".
Alifungua kiganja tu, nami nilijua
kwa namna vidole vilivyokunjika:
hiki cha koleo, hiki cha uzi, hiki cha hasira.

Leo ameketi pembeni, kavua viatu,
uso kauzamisha kwenye kioo
kama fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo
anayelitafuta tundu la sindano.
Mikono minne ya chuma, imevikwa nailoni,
inamtoa Mzee Chambuso tezi dume
kupitia vitundu visivyozidi kifungo cha shati.
Damu yote isingejaza kizibo cha soda.

Niseme, au ninyamaze?
Tangu masika ya mwaka juzi mkono wake ulitetemeka.
Kidogo. Kama kijiko kisahanini lori likipita.
Nilimkabidhi kisu kwa kukibana,
nikachelewa kukiachia
mpaka vidole vitulie.
Hakuniuliza. Sikumwambia mtu.

Mashine imeuchuja mtetemo wote ule,
wala haikuuliza
nani alikuwa akiuficha.

Umeme ukakatika, ukarudi kabla hatujapumua.
Chuma hakikushtuka. Nilishtuka mimi,
nikajikuta nimekishika kisigino cha Mzee Chambuso,
cha baridi, chenye magaga,
na sikukumbuka kukiachia.

Jioni akazinduka: "Sista, nani kanipasua?"
Nikakitazama kiganja changu.
"Tulikuwa wengi, baba. Lala."