Kidole cha Shahada

Osaka, kata ya Ikuno, 1985

Bibi yangu, Bu Mal-sun, hana alama za vidole.
Zilikwenda na viatu.
Miaka thelathini na mmoja alipaka gundi kwenye soli
katika karakana ya uchochoroni, nyuma ya reli,
na gundi haikubagua mpira na ngozi.

Karani Nishiwaki anakishika kidole kwa adabu,
cha mkono wa kushoto, kile cha shahada,
anakibingirisha kwenye wino, anakikandamiza karatasini.
Doa.
"Tena, tafadhali."
Doa.
"Tena."
Bibi anaomba radhi.
Anauombea radhi ulaini wake.

Alitoka Jeju kwa meli, binti wa miaka kumi na minne,
hakuna aliyemdai pasi:
ng'ambo zote mbili zilikuwa za mfalme mmoja.
Kisha himaya ikashindwa vita,
na miaka saba baadaye, akiosha kabichi,
redio ikamwambia kuwa yeye ni mgeni.
Hakuwa amehama hata chumba.
Akamaliza kuosha, akatia chumvi,
pilipili, kitunguu saumu, akafunika mtungi.
Tangu siku hiyo, kila miaka michache, wino.

Leo nimetimiza kumi na sita, nami nimeitwa.
Nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka ofisi hii.
Meno yangu ya utoto yako juu ya bati la jirani.
Treni ya mwisho naijua kwa mlio.
Na vidole vyangu vina mistari yote, myembamba, mipya;
vingempendeza sana Bwana Nishiwaki.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa.
Hakuna aliyesema hakikatai.

Nimekikunja. Karani anasoma kifungu:
faini, au jela hata mwaka mzima.
Anasoma polepole, kana kwamba anatarajia
nimkatize kabla hajafika kwenye nukta.
"Mpe!" Bibi ananong'ona. "Mpe, twende zetu!"
Njiani kanishika kifundo cha mkono, si kiganja,
akaichafua sare yangu ya shule. Hakusema neno
hadi taa ilipozimwa.

Ndipo gizani akakitafuta kidole changu,
akakikunjua,
akakipapasa kwa kile chake kisicho na kitu,
mstari, mstari, akirudi nyuma aliposita.
"Huu," akasema, "ni wa mama yako."