Pale Kaboni Inapokomea

Bawa la kwanza tulilikata kwa waya wa moto
gerejini kwa Azenor, huko Châteaulin,
yeye ncha hii, mimi ncha ile,
tukivuta kwa pumzi moja.
Povu jeusi likaachana kimya, likanuka nywele zilizoungua.
"Polepole," alisema, "lakini usisimame.
Waya ukisimama unakula."

Tuliipima ndege nzima kwenye mizani yake ya unga:
gramu mia nne na kumi, pamoja na betri.
Nilikuwa nimepitisha ufito mmoja wa kaboni
na kuukata butu, katikati ya bawa.
Nikajiona fundi.

Jumapili tukapanda Menez-Hom.
Upepo wa baharini ulikuwa ukikwea mteremko,
ukilaza majani, ukitupiga vifuani,
na ndege, isiyo na injini wala rafadha,
ikatulia juu yake kama kitu kilichosahauliwa hewani.
Nikaibingirisha. Nikaipindua tumbo juu.
Nikaitupa mbizi ndefu, kisha nikavuta usukani,
mabawa yakapiga kofi.
Moja tu.
Kilichobaki kilishuka kikizunguka
hadi kwenye vichaka vya miiba yenye maua ya njano.

Kamba hukatikia pembamba: waliosema walikuwa na kamba.
Bawa halikukatikia pembamba.
Lilikatikia pale kaboni ilipokomea,
pale ugumu ulipoutupia ulaini mzigo
bila hodi.

Azenor alikigeuzageuza kipande mkononi.
"Kama baba yako," akasema,
kisha akaanza kufunga mkoba.
Baba: miaka thelathini na minane karakana ya meli, Brest,
king'ora saa moja kasoro robo, chakula saa sita.
Ijumaa wakampa saa ya ukutani, wakampa mkono.
Jumatatu aliamka, akavaa buti,
akakaa kitandani hadi jioni.
Hakuinuka sawasawa tena.

La pili nimelijenga hivi:
ufito mrefu zaidi, ncha zake nimezichonga hanamu,
zikipungua, zikipungua,
hadi kaboni inakuwa uzi na uzi unakuwa povu
na kidole hakijui mpaka uko wapi.
Ufito mwingine nimeupisha pembeni,
usikome pamoja na mwenzake.
Utepe wenye nyuzi nimeupitisha mshazari
mgongoni na tumboni.
Nilitaka kuongeza wa tatu. Azenor akaficha gundi.
"Kila tone," akasema, "upepo utakudai."

Jana bawa lilipinda hadi nikafumba jicho moja.
Likarudi. Likapinda. Likarudi.
Halafu, kwa majivuno, nikatua vibaya,
jiweni, kwa pua.

Nyumbani tuliimwagia pua maji ya birika yanayochemka.
Povu likafura, kibonyeo kikajaa taratibu
kama shavu la mtoto anayezuia kicheko.
Nilisimama nikitazama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Maji yaliyobaki tukayatilia majani ya chai.