Kiuno Ishirini na Nane

Wamemchora ukutani pale Kirumba,
mita tatu kwenda juu, rangi ya mafuta,
wamempa miwani nyeusi na kidevu cha chuma.
Nkwabi hakuwahi kuvaa miwani.
Jicho lake la kushoto lilikuwa na kengeza:
akikutazama wewe, alimwona na wa pembeni,
na kila msichana alitoka ukumbini akiapa
kwamba wimbo ule uliimbwa kwa ajili yake.

Mimi sikuapa. Mimi nilikuwa na futikamba.
Kiuno ishirini na nane, paja kumi na tisa,
chini bugaluu, upana kumi na nne.
"Minza, iache ifagie njia," alisema,
"nikipita Rwagasore vumbi linitambue."
Namba zake zipo mpaka leo kwenye daftari langu
la jalada la bluu, ukurasa uliotafunwa na mende:
kitambaa chake, ufundi wangu,
shilingi kumi na tano, atalipa Jumamosi.

Alikufa kwa kifua, masika,
gitaa likiwa rehani kwa muuza vipuri.
Mazikoni tulikuwa watu arobaini,
nikihesabu na wachimba kaburi.
Leo nikiwasikiliza wanaosema walikuwepo,
kilima kizima cha Igoma kisingewatosha kusimama.

Naam, amekua tangu afe.
Kinyozi wa Mabatini anasema alimwona
akipiga gitaa kwa meno juu ya Jiwe la Bismarki,
ziwa limetulia tuli, sato wametoa vichwa.
Pale juu ya jiwe hapana umeme, namwambia,
waya angeuchomeka wapi, kwenye tumbo la sato?
Akanitazama kwa huruma,
kama mtu aliyechelewa ibada.

Mji huu ni mawe juu ya mawe.
Jiwe limekaa kwa ncha juu ya jingine, karne na karne;
mgeni hupita chini yake akiharakisha,
sisi tunaanikia nguo.
Muziki wake waliuita roki, wakasema maana yake mwamba.
Nilidhani mwamba ni kitu kinachokaa.
Yeye hakukaa hata kumaliza chai.

Juzi binti mmoja wa dagaa kaleta sketi ya kupunguzwa,
simu yake ikalia: ni yeye.
Lile gitaa linaloanza kwa kujikwaa,
taka-taka, taka,
taka-taka, taka,
kisha linakimbia.
Unamjua huyu? nikauliza.
"Nani, bibi? Huo si mlio wa simu tu?"
Miguu yangu juu ya pedeli ikamfuata.

Hapana. Nisiseme uongo uzee huu.
Miguu yangu haikumfuata.

Ilikuwa Alhamisi, mvua, suruali haijaisha,
amekalia gunia la vipande, gitaa mapajani bila waya,
na cherehani yangu mkanda umelegea:
inashona hatua mbili, inateleza, inashona moja.
Nikaomba radhi, nikainuka niukaze.
"Usiukaze," akasema.
Akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlangoni
nyumba isiyo yake.
Mara ya kwanza wimbo ule kusikika duniani
ulipigwa na nyuzi kavu na pindo la suruali.

Sijamwambia mtu. Watanipandisha ukutani,
wanichoree na mimi miwani.
Mkanda nimeubadilisha mara sita tangu hapo,
na kila mpya nauachia ulegevu kidogo.
Wateja wanalalamika pindo linaruka.
Wengine wamehamia kwa fundi wa Kitangiri.

Wale vijana wa rangi walikuja wiki iliyopita,
wanne, vidole vyekundu, heshima tele.
Wanataka kujua kama marehemu aliacha deni popote,
wachange, walipe, jina lisimame safi.
Daftari lilikuwa chini ya kiwiko changu.
Nkwabi? nikasema.
Hakudaiwa hata senti.