Hesabu ya Paa, Nkuhungu

Ulishuka ngazi mwezi wa tisa,
vumbi limekukaa kwenye kope,
ukapiga bati kwa kiganja mara mbili
kama dalali anayesifia ng'ombe mnadani:
"Mwalimu, hapa hata sisimizi hapiti."
Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, kavu,
haina hata doa la kuniambia vinginevyo.

Kuezeka kiangazi, Dodoma,
ni kuezeka kwa imani.
Hakuna wa kumwuliza ila jua,
na jua halivuji.

Nilikupa laki tatu. Nikazuia themanini na tano.
"Hizi," nikasema, "zitangoja mvua."
Ukacheka. Ukasema mvua ya huku
ni kama mgeni wa serikali:
hutangazwa sana, hupita na msafara, haishuki.

Ukatuma ujumbe Oktoba. Ukatuma Novemba.
Ukamtuma mdogo wako na pikipiki
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
misumari, kilo sita; lami, makopo mawili;
nauli; chakula cha saidia;
usumbufu, elfu kumi.

Nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu,
mkono haujasahau.
Kilo sita? Nilipanda mwenyewe, mama Nyemo akishika ngazi
na kuniombea kwa sauti,
nikahesabu vichwa vya misumari safu kwa safu
kama watoto mstarini asubuhi.
Kilo tatu na robo.
Usumbufu nikauwekea alama ya kuuliza,
maana sikujua ni wako au wangu.

Kisha usiku mmoja wa Desemba
upepo ukageuka, ukaleta harufu ya udongo.
Nilikuwa macho. Nakiri, nilikuwa naisubiri
kama mtu anayesubiri shahidi.
Tone la kwanza kwenye kabati la vyombo.
La pili kwenye picha ya marehemu Mhawi,
likamteremka shavuni,
yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia.
Nikatandaza sufuria, beseni, chungu cha mlenda,
na nyumba nzima ikaanza kunihesabia.

Hukupokea simu.
Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa, nikaandikisha jina lako:
Chibago, fundi paa, anaishi nyuma ya mashine ya kusaga.

Mtendaji akatuketisha benchi moja.
Ukavua kofia, ukatoa daftari.
Sikujua una daftari.
Mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani,
herufi zikiegemeana zisianguke:
"Agosti 29. Mwalimu kasema upande wa jikoni
turudishie mabati ya zamani.
Nimemwambia yana matundu. Kasema ziba."

Nikasoma mara mbili.
Hilo "ziba" nililitambua hata sauti yake.
Nje, mbuzi wa mtu alikuwa anakula tangazo la kikao.

Hatukupeana mikono.
Mtendaji alitaka tugawane katikati, twende zetu,
ana foleni mlangoni;
ukakataa, nami nikakataa,
na hapo tu ndipo tulipokubaliana.
Kabati lilivuja chini ya mabati yako mapya, nikasema.
Picha ililowa chini ya mabati yako mabovu, ukasema.
Tukavutana hadi adhuhuri, shilingi kwa shilingi,
mpaka mtendaji mwenyewe akaanza kuandika:
mabati manne, yangu. Mikono, yako, bila malipo.
Misumari kilo tatu na robo. Usumbufu, umefutwa.
Iliyobaki, elfu arobaini na mbili,
italipwa mvua ikishapita.

Leo uko juu tangu saa moja, unagonga.
Hujaomba chai. Nimeichemsha.
Wingu linasogea kutoka upande wa Mlimwa,
zito, halina haraka,
na mimi nimekaa chini ya ile sehemu ya kabati
na pesa ndani ya bahasha, na kalamu.

Ukishuka, tafadhali,
usiseme neno kuhusu sisimizi.