Gololi

Tangu Mikindani gurudumu lilivuma.
Tukapandisha redio, tukasema ni barabara.

Jumamosi, uani Tudor: jeki, matofali mawili,
spana ya kuazima kwa Athmani Shee.
Nati ya kati ikakataa.
Nikaipandia kwa miguu yote miwili,
ikalia kama mlango wa stoo, ikaachia.

Beringi kuukuu ikatoka kwa nyundo na matusi,
grisi nyeusi kama wanja,
gololi zimetoboka ndui.
Mishi akaziosha kwa mafuta taa, akazihesabu:
moja haipo.
Twende nayo wapi, hiyo isiyokuwapo?
Nikatia mpya, nikakaza.

Usiku tukavuka daraja la Nyali.
Kimya.
Mamake Mishi akazima redio.
“Haya,” akasema,
“lile uliloniambia Mikindani, lirudie.”

Mikono yangu bado yanuka grisi.